Upande Mwembamba wa Mzega

Walikuwepo baba mkubwa Ngasa, kaka wa baba, aliyekaa juu ya debe lililofudikizwa kwa sababu kigoda chetu kilivunjika wakati wa msiba. Alikuwepo shangazi Kabula, aliyetoka Tinde kwa miguu na kichupa chake cha ugoro. Alikuwepo mjomba Masunga, kaka wa mama, aliyetuletea mzega wa baba kutoka machimboni Nyarugusu. Alikuwepo jirani yetu mama Limi, kando ya moto, amempakata Limi mwenyewe. Na tulikuwepo sisi tuliokuwa tukizungumzwa: mimi Milembe, kifungua mimba, wadogo zangu mapacha, Kulwa na Doto, na Shija, binti mdogo aliyewafuata mapacha, ambaye bado alikuwa akimuuliza kila mgeni mama atarudi lini.

Nawaona wote kila ninaposikia harufu ya kamba ya katani iliyolowa maji. Wajukuu wangu wakinikuta nimesimama kisimani na kamba mkononi, nimeinusa na kunyamaza, hudhani bibi ameanza kusahau njia ya nyumbani. Sijaisahau. Kamba za mzega wa baba zilinuka hivyo hivyo.

Baba alikuwa mbebaji. Alichukua michembe, vile viazi vitamu tunavyovikata na kuvikausha juani, akachukua na tumbaku kidogo, akavipeleka kutoka kijijini kwetu, upande wa Segese, hadi kwa wachimba dhahabu waliochoka kula unga wa mgodi. Alibeba kwa mzega: mti mrefu begani, mzigo mmoja mbele, mwingine nyuma. Mti ule ulilia alipotembea, nyee, nyee, na mama aliutambua ungali mbali, akaanza kusonga ugali. Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilikatika mtama haujafika magotini. Viazi navyo vikakosekana. Baba hakuwa na kitu cha kuwauzia wachimbaji, akaona heri aingie shimoni mwenyewe.

Magogo ya kuzuia udongo hayakuzuia. Mjomba Masunga alituambia maneno hayo tu, na sisi hatukuuliza zaidi. Baba alizikwa huko huko. Mama alishikwa na homa nywele zetu za msiba wa baba zikiwa ndiyo kwanza zimenyolewa, na hakuinuka tena. Kwa hiyo tulinyolewa mara mbili mfululizo, na mara ya pili wembe ulikuta vipara. Kulwa akasema, "Leo wembe umekosa kazi," akacheka peke yake. Sikumbuki kicheko kingine katika siku zile.

Siku ninayowasimulia ilikuwa ya kuondoa matanga. Majivu yalizolewa, waombolezaji wakaondoka, ukabaki ukoo na kazi yake ya mwisho, yaani kutugawa. Msidhani walikuwa watu wabaya. Kwetu mtoto haachwi maadamu ukoo upo, na yatima hugawanywa ili mzigo usimlemee mtu mmoja. Mwaka ule kila aliyekaa uani pale alikuwa ameacha njaa nyumbani kwake.

"Kulwa nitamchukua mimi, atachunga," alisema baba mkubwa. "Doto aende Tinde na shangazi yake. Shija amfuate mjomba."

"Huyu mdogo mno," shangazi Kabula alisema, akigonga kichupa cha ugoro kwa kidole. "Machimboni kule hata kuku hawaleleki."

"Basi mchukue wewe."

"Nimlishe nini, kaka? Mimi mwenyewe siku hizi nala kwa kukumbuka."

Mjomba akauliza, "Na Milembe?"

Baba mkubwa alinitazama kama mtu anavyomtazama mtamba mnadani, kisha akaangalia pembeni. "Milembe ana kwake. Kuna mzee amekwisha kuuliza habari zake. Ng'ombe watakaotoka huko watawasaidia wadogo zake."

Hapo ndipo sauti ilipotoka kando ya moto. "Mapacha hawatenganishwi."

Alikuwa mama Limi. Alikuwa Msumbwa, kaolewa kwetu na mtu aliyekwenda migodini na hakuleta hata salamu. Kisukuma chake kilikuwa na mwendo wa magharibi, na watoto tulizoea kumwigiza. Baba mkubwa aligeuka polepole.

"Mama Limi, wewe umeketi upande gani wa ukoo huu?"

"Upande wa moshi, baba. Ndiko nilikowekwa nipike."

Shangazi alipiga chafya ya ugoro na kicheko kwa pamoja, na hata baba mkubwa akauma mdomo asicheke. Nikaona kuwa pengo lile la kicheko ndilo pekee nitakalopata. Nikapiga magoti.

"Baba, tuache hapa hapa. Nitawalea mimi."

"Wewe?" alisema shangazi. "Juzi tu ulikuwa ukililia shule."

"Shule nimeiacha."

Hakuna aliyekuwa ameniambia niiache. Nilikuwa darasa la tatu kwa wamisheni, na kibao changu cha kuandikia kilikuwa kimening'inia ukutani nyuma ya kichwa cha shangazi. Nilisikia neno lile kwa mara ya kwanza likitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Baba mkubwa aliwatazama wadogo zangu mmoja mmoja. Hatimaye akasema, "Mpaka mtama ukatwe. Lakini nasema mbele ya hawa wote. Siku nitakayosikia mtoto wa mdogo wangu ameonekana akila kwenye jiko la watu, nakuja kuwachukua, kila mmoja na njia yake. Sitaki ukoo wangu uimbwe ngomani."

Kwetu kuimbwa ngomani ni adhabu. Wimbo wa aibu ukishatungwa, vijana huucheza mavuno hadi mavuno, na mjukuu wako ataukuta. Kwa hiyo sharti lake lilikuwa la kweli, na tangu siku ile kila jiko la kijiji lilitutazama kama mtego. Wadogo zangu niliwafundisha kupita mbali na harufu ya chakula. Doto alijifunza hata kushika pumzi.

Tulibaki na nyumba, majembe mawili, mzega wa baba, na ghala tupu. Kwetu waombolezaji hawaachwi walale njaa, na matanga mawili mfululizo yalikuwa yamekula hata mbegu.

Asubuhi iliyofuata mama Limi alikuja, akasimama nje ya ua, hakuingia. "Wangaluka," alinisalimia salamu ya asubuhi. Nilipomwitikia akasema, "Sitakupa chakula. Ngasa amekataza. Lakini sikumsikia akikataza mtu kulipwa ujira. Niletee maji. Nitakulipa michembe, utawapikia wadogo zako kwenye jiko lako, na moshi utoke kwenye paa lako watu wauone."

Hakuweza kwenda kisimani mwenyewe. Limi hakuachika. Alikuwa na umri wa Shija, lakini tumbo lilimtangulia kila alipokwenda, miguu ilikuwa myembamba kama mipini ya miiko, na nywele zake zilianza kugeuka rangi ya vumbi. Visima vya karibu vilikauka. Maji yalipatikana mtoni, mchangani, kwa kuchimba hadi mtu azame kifuani na kuyasubiri yajikusanye, kata moja baada ya nyingine.

Mwanzoni nilibeba kichwani kama wasichana wote. Debe moja lilinila asubuhi nzima, na debe moja halikutosha nyumba mbili. Ndipo nikauteremsha mzega wa baba. Mzega kwetu ni mti wa wanaume, na vijana waliokuwa wakinywesha ng'ombe mtoni walifurahi siku waliyoniona.

"Milembe! Ndevu zako umenyolewa na nani?"

"Na mama yako," nikawajibu, "alipomaliza zake."

Walicheka hadi ng'ombe wakasogea. Lakini mti ule haukuwa na mzaha. Nilijaza madebe mawili sawasawa, nikaingiza bega katikati, nikainuka, na debe la nyuma likashuka kama lililovutwa na mtu. Maji yote yakarudi mchangani. Nikajaza tena. Yakamwagika tena. Nilifika nyumbani na nusu ya debe, sikio limevimba kwa kugongwa na mti, na mama Limi hakunipa pole. Aliuchukua mzega, akaupitisha mikononi taratibu kama anayepapasa mbavu za ndama, kidole gumba chake kikasimama mahali fulani.

"Wewe unatafuta katikati kwa macho," alisema. "Mti una shina na una ncha, hata ukishakauka. Shina ni nene, ni zito. Baba yako alilijua hilo. Shika hapa."

Nikashika. Palikuwa na kijibonde baba alichokichonga kwa panga, kimelainika kwa jasho lake la miaka. Hakikuwa katikati. Kilikuwa karibu zaidi na upande mnene. Nilipoweka bega langu pale, madebe yalitulia. Sikuwa nimelia tangu mazishi, lakini pale nililia, kwa sababu bega la baba lilikuwa limeacha alama yake na mimi nilikuwa nimesimama ndani yake.

"Sasa sikiliza," alisema mama Limi, hakuyatazama machozi yangu. "Debe moja langu, debe moja lenu. Ukinijazia mimi zaidi, utaanguka. Ukijijazia wewe zaidi, utaanguka. Na ukianguka sote hatunywi."

Alikuwa akizungumza habari za maji, na mimi nikamsikia hivyo. Lakini msichana anayebeba mara mbili ya wenzake huonekana upesi. Mwenye duka Segese aliniita nimletee maji kwa malipo ya pumba. Mke wa katekista akaniita. Kila mtu alinisifu, na sifa ni tamu kwa mtoto ambaye hana tena wa kumsifu. Bega likachubuka, likatunga usaha, nikaweka jani na kuendelea. Nilikuwa nikitoka wadogo zangu wamelala na kurudi jua likizama. Siku moja nilimkuta Shija ameketi mlangoni, na mtu aliyekuwa akipita alimuuliza anamngoja nani. Siku zote jibu lake lilikuwa "mama". Siku ile alisema, "Namngoja Milembe. Atarudi lini?"

Mama Limi alikuwa akinikanda bega kwa maji ya moto nilipomweleza. Alisema tu, "Watu wakiona mgongo, huongeza mzigo. Huyo wa Segese ana punda. Mwache amtumie punda." Nikamwacha. Pumba zikapungua, lakini jioni tukawa tunakula tukiwa wanne, mboga yetu nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo Kulwa aliapa kuwa yalikuwa na ladha ya mkeka.

Mvua za kwanza zilipogonga, kijiji kizima kilitoka na majembe. Sisi tulilima siku nyingi, Kulwa na Doto wakipokezana jembe moja, na tulipomaliza tulisimama ukingoni mwa shamba jekundu lililolimwa vizuri, lisilo na kitu cha kutia ndani yake. Nilijua mwisho wake. Bila mbegu hakuna mtama, na bila mtama baba mkubwa angekuja na njia zake nne.

Mama Limi aliniita saa ya alasiri. Juu ya moto wake, palipo na moshi mwingi wadudu wasipapende, lilikuwa likining'inia shada la masuke ya mtama, jeusi kwa masizi. Alilishusha. Limi alikuwa amelala kwenye ngozi, akilitazama shada lile kwa macho makubwa.

"Kukopa mbegu si kuomba chakula," alisema mama Limi. "Ngasa mwenyewe hukopa. Wakati wa mavuno utanirudishia. Lete mzega."

Akafunga kamba katikati ya mzega, katikati kabisa, akauning'iniza kwenye boriti ya mlango. Niliona kuwa hakufunga kwenye kijibonde cha baba. Nikadhani ni kwa kuwa hapakuwa na bega. Kisha akalifungua shada, akafunga masuke fungu moja upande mnene. "Hili langu," alisema. Akafunga jingine upande mwembamba. "Hili lenu." Mti ukainama upande wake. Akachomoa suke moja kwake, akalichomeka kwetu. Ukainama bado. Akachomoa jingine, na jingine, taratibu, kama mtu anayechambua mchele, hadi mzega ukatulia hewani umenyooka kama mstari wa daftari.

"Sawa sawa," alisema.

"Mama Limi, letu linaonekana kubwa."

"Macho ya njaa huona vingi. Tazama mti, usitazame macho."

Nikautazama mti. Ulikuwa umenyooka. Nikapiga magoti na kupokea kwa mikono miwili, nikakimbia nyumbani kabla mvua haijalowesha mbegu.

Mtama wetu uliota. Lakini ninyi mliokulia vijijini mnajua kuwa njaa mbaya kuliko zote ni ile inayokukuta shamba likiwa la kijani. Chakula unakiona, kinapunga upepo mbele yako, na hakiliki. Michembe ya mama Limi ilikwisha, ujira wangu ukawa majani, kisha ukawa shukrani. Niliendelea kupeleka maji. Watu walichimba mizizi. Wazee wawili wa ng'ambo ya mto walizikwa katika juma moja, na vijana hawakuwa na nguvu ya kuchimba kaburi refu.

Limi alifariki masuke yakiwa bado na maji maji meupe kama maziwa. Niliukuta mlango wazi asubuhi nilipofika na mzega. Mama Limi alikuwa ameketi amempakata vilevile kama siku ile ya matanga, akisema na mtu asiyekuwepo. Aliponiona aliacha.

"Mwaga hapo," alisema, akinionyesha chungu. "Kisha urudi mtoni. Yatahitajika mengi."

Siku ile madebe yote mawili yalikuwa yake.

Tulimzika nyuma ya nyumba, wanawake wachache na mzee mmoja wa kushika jembe. Mama Limi hakulia kwa sauti. Mazishi yalipokwisha alimwita Shija, akamweka mapajani, akamshika hivyo hadi jua likaisha, na Shija, ambaye hakuwa mtoto wa kutulia, alitulia. Tangu siku ile hakuingia tena shambani mwake. Ndege waliposhuka kula mtama, Kulwa na Doto walipiga madebe katika mashamba yote mawili, letu na lake. Lake lilikuwa limeota kwa kuachana, mashina machache, mapengo mengi. Nilidhani ni udongo.

Asubuhi moja nilipofika na maji, mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa nje. Chungu cha maji kilikuwa kimefudikizwa kizingitini. Majirani walisema wamemwona akielekea magharibi na kifurushi kichwani. Hawakushangaa. Mume hayupo, mtoto hayupo. Alikuwa ameishi pale kwa jina la mtoto, na jina lilikuwa limezikwa. Nilikaa kwenye kizingiti na madebe yangu yamejaa, sijui niyapeleke wapi.

Baba mkubwa alikuja mtama ukikatwa, kama alivyosema. Alizunguka shamba, mikono nyuma. Aliwaita mapacha, akawashika mikono juu ya kiwiko kama mtu anayepima ndama, akamnyanyua Shija na kumshusha. Kisha akasimama mbele yangu.

"Nimesikiliza kijiji kizima," alisema. "Hakuna jiko lililowataja. Mbegu ulipata wapi?"

"Nilikopa, baba."

"Kwa nani?"

"Kwa mama Limi."

Akatazama mlango ule uliofungwa kwa kamba. Akavua kofia yake, akaikung'uta vumbi ambalo sikuliona, akaivaa tena. "Yule wa upande wa moshi," alisema. Baada ya muda akaongeza, "Mrudishie mapema, mwanangu. Deni la mbegu huota kama mbegu yenyewe." Hakutaja tena habari za kutugawa, siku ile wala nyingine. Yule mzee aliyekuwa akiniulizia aliambiwa aulize kwingine.

Nilichagua masuke bora, nikafunga shada zima, nikalitundika juu ya moto wangu lishike moshi. Kiangazi hicho niliwaacha wadogo zangu kwa baba mkubwa, kwa siku za safari tu, nikauweka mzega begani: upande mmoja shada la mama Limi, upande wa pili michembe ya kuuza njiani. Nililala kwa watu wema na kwa watu wa hivi hivi, hadi Nyarugusu kwa mjomba Masunga, huko huko magharibi alikoelekea yeye.

Tulizunguka naye machimboni. Kulikuwa na watu wa kila kabila, wanaume wekundu kwa udongo hadi kope, wanawake wakiuza uji na pombe. "Namtafuta mama Limi," nilisema kila mahali. "Msumbwa. Mwembamba."

"Jina lake nani?"

"Mama Limi."

"Hilo la mtoto. Lake yeye?"

Nilikuwa nimebeba maji yake, nimekula michembe yake, nimepanda mbegu yake, na sikulijua jina lake. Kijiji kizima hakikulijua. Mwanamke mmoja muuza uji, mzee kidogo, alinionea huruma. "Binti," alisema, "hapa hakuna anayebeba jina la mtoto aliyekufa. Watu huja hapa waitwe kitu kingine. Hata akisikia unamwita hivyo, hatageuka."

Nikarudi. Michembe ilikuwa imeuzwa, na mzega haubebi upande mmoja, kwa hiyo niliokota jiwe kubwa nikalifunga upande wa pili. Nilitembea njia yote ile na shada huku na jiwe kule. Jiwe lile bado lipo mlangoni kwangu. Wajukuu hulikalia.

Wadogo zangu walikua pamoja. Kulwa na Doto wana nyumba zinazotazamana, na bado hugombana kila mmoja akidai alilima zaidi mwaka ule. Shija amezaa, na binti yake wa kwanza nilimpa jina mimi. Mnaweza kulikisia.

Nilikuwa mama wa watoto wakubwa nilipoielewa alasiri ile. Jirani yangu, mjane, alikuja kukopa mbegu. Nikaufunga mzega wa baba katikati, kwenye boriti, kama nilivyoona. Nikagawa shada kwa mikono, fungu na fungu, nikayapima kwa macho na viganja yakawa sawa kabisa, nikayafunga. Mti ukainama upande mnene. Nikayabadilisha, fungu la huku kule na la kule huku. Ukainama upande ule ule. Nikasimama na masuke mkononi, na yule mjane akaniuliza kama naumwa.

Mti una shina na una ncha. Ukiufunga katikati, shina hushuka lenyewe, na ili usimame sawa lazima upande mwembamba ubebe zaidi. Aliyenifundisha hilo alikuwa yeye. Alikijua kijibonde cha baba, na hakukitumia. Alitundika fungu letu upande mwembamba, akachomoa masuke yake moja moja mbele ya macho yangu na mbele ya macho ya Limi, akaufanya mti useme uongo ili mimi nipokee bila aibu. Na shada lile halikuwa mbegu peke yake. Lilikuwa unga. Lingeweza kuwa uji kwenye bakuli la yule mtoto aliyekuwa akilitazama kutoka kwenye ngozi. Kama lingemwokoa, sijui. Njaa ilikuwa imekwisha kumwingia sana. Lakini yeye alilipima akijua anapima nini, na mimi nilikimbia nyumbani nikiogopa mvua.

Yule mjane nilimpa fungu lake upande mwembamba. Tangu hapo wote wanaokuja nawapa hivyo. Watu husema nimelipa. Baba mkubwa, kabla hajafariki, aliniambia hivyo pia, kwamba mbegu ya mama Limi sasa iko katika mashamba ya nusu ya kijiji. Namshukuru kwa neno hilo, lakini mimi ndiye niliyekopa. Niliowapa ni wengi, na hakuna hata mmoja kati yao aliye yeye.

Kila mvua za kwanza nalishusha shada la zamani juu ya moto, nalipanda, na wakati wa mavuno nafunga jipya la masuke bora, nalitundika mahali pale pale. Mwaka huu pia limetundikwa. Moshi umeshaanza kulifanya jeusi. Ni lake, na sijui nimwite nani aje alichukue.